Kampuni ilinilipa zaidi kwa makosa, sasa imenikata yote mara moja. Nifanye nini?

"Hujambo. Nafanya kazi kwa godauni moja huku Nakuru, mwaka wa tatu sasa. Mshahara ni 30,000 na pesa ya nyumba 4,500. Nikishakatwa zile za serikali na loni ya sacco 6,000, benki huwa inaingia 23,222. Mwezi wa Agosti ikaingia 34,599, na slipu ikaandika malimbikizo 18,000. Nikadhani ni ile nyongeza tuliyoahidiwa, nikalipa karo ya mtoto. Sasa mwisho wa Oktoba nimepata 5,222. HR anasema ilikuwa makosa ya sistimu na wamechukua 18,000 yao, na anataka nisaini fomu kwamba nimekubali. Pia nilifanya kazi Mashujaa Dei na hiyo pesa siioni. Halafu nimepeleka mtoto hospitali naambiwa SHA yangu haijalipwa tangu Julai na mimi nakatwa kila mwezi. Wenzangu kazini wanasema pesa ikishaingia kwa akaunti ni yako, makosa si yako. Wengine wananiambia ninyamaze nisifutwe. Mwenye nyumba ameshaanza kupiga simu. Nisaidie."

Dadangu, pole sana. Kubaki na 5,222 mwisho wa mwezi ukiwa na mtoto ni kitu cha kumnyima mtu usingizi, na nimesoma barua yako mara mbili nikiwa na kalamu mkononi, manake hizo namba ulizoandika zimebeba jibu lako karibu lote. Nimefanya kazi ya kutengeneza mishahara miaka mingi, kwanza Kisumu halafu hapa Nakuru, na hii shida yako nimeiona upande ule mwingine wa meza. Kwa kweli umeniletea shida tatu ndani ya barua moja na kila moja ina njia yake, ukizichanganya HR atakujibu ile rahisi na zile mbili zitapotea hapo.

Wacha nianze na hilo la wenzako. Si kweli kwamba pesa ikishaingia kwa akaunti yako basi ni yako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata pesa aliyomlipa mfanyakazi zaidi kwa makosa. Najua inauma, hasa kama ulishailipia karo ukiwa na roho safi, lakini hapo usiende kupigana, utashindwa halafu utaonekana mtu wa kung'ang'ania kisicho chake. Pigana mahali una haki, na unayo kubwa kuliko unavyodhani.

Hebu chukua zile namba zako mwenyewe. Agosti benki iliingia 34,599, mwezi wa kawaida ni 23,222. Toa moja kwa nyingine, unapata 11,377. Hiyo ndio pesa ya ziada iliyofika mkononi mwako. Si 18,000. Sasa kampuni imechukua 18,000 kutoka kwa pesa yako ya mkononi, kwa hivyo wamekukata 6,623 ambazo hujawahi kuzishika hata siku moja.

Zilienda wapi? Hapa nataka twende polepole, manake watu wengi wanaachwa hapa hapa na hata wahasibu wengine wanapitwa. Ile 18,000 iliandikwa kwa slipu juu, pale kwa mapato, kabla ya makato. Kwa hivyo Agosti sistimu iliona mtu wa 52,500 badala ya mtu wa 34,500, ikamkata kama mtu wa 52,500. NSSF, ile akiba ya uzeeni, ni asilimia 6, kwa hiyo 18,000 ilitoa 1,080. SHIF, ile pesa ya SHA ya bima ya afya, ni asilimia 2.75, ikatoa 495. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, ikatoa 270. Halafu PAYE, kodi ya mshahara, ambayo huhesabiwa kwa kinachobaki baada ya kutoa hizo tatu, hiyo ndio ilikula sana. Kodi yetu inapanda kwa ngazi, shilingi 24,000 za kwanza ni asilimia 10, 8,333 zinazofuata ni 25, ukipita hapo unaingia 30, halafu unaondolewa 2,400 ya nafuu ya kila mwezi. Mwezi wa kawaida wewe unaishia kwa ile ngazi ya 25 na PAYE yako ni kama 1,741. Agosti ukasukumwa mpaka ngazi ya 30 na PAYE ikaruka mpaka 6,519, yaani 4,778 zaidi. Jumlisha hizo nne, 1,080 na 495 na 270 na 4,778, unapata ile ile 6,623. Toa slipu ya Agosti uiweke kando ya ile ya Julai, utaziona.

Kwa hivyo HR hakudanganya kusema 18,000, ni kweli kwa makaratasi yao 18,000 ilitoka. Lakini sehemu yake ilikatwa kwa ajili ya KRA (watoza kodi), NSSF na SHA, haikuja kwako, na kuidai kutoka kwa tumbo lako si sawa. Kampuni ndio inapeleka ripoti za hizo ofisi kila mwezi na ndio yenye njia ya kuzirekebisha. Wewe huwezi kwenda KRA kudai pesa kwa niaba ya kampuni.

Haki ya pili ni hii. Kifungu hicho hicho cha 19 kinasema makato yote ukiyajumlisha hayafai kupita theluthi mbili ya mshahara. Yote, ya serikali, ya sacco, na hilo deni pia. Kwa 34,500 theluthi mbili ni 23,000, yaani lazima ubaki na angalau 11,500. Kuna ma-HR wanaopiga hesabu ya theluthi kwa ule mshahara wa msingi peke yake, na hata ukikubali hiyo ya kwao bado ungebaki na 10,000. Wewe umebaki na 5,222. Vyovyote vile wamepita mpaka, na hapa hawana cha kubishana, ni hesabu ya darasa la sita.

Hivi vitu vinatokeaje mtu atauliza. Sidhani ni njama. Mwisho wa mwezi yule karani anapewa rundo la karatasi na masupavaiza, za ovataimu, za likizo, za malimbikizo, nyingine zimeandikwa kwa kalamu zimelowa chai, na ana siku mbili za kuziingiza zote kwa namba ya mfanyakazi. 0147 inageuka 0174 na pesa ya mtu imelala kwa slipu ya mwingine. Mimi nikiwa Kisumu niliwahi kuweka pesa ya likizo ya mzee mmoja kwa laini ya kijana aliyekuwa chini yake kwa orodha. Nilijua siku ile mzee alikuja dirishani na slipu ameikunja mara nne, akaifungua taratibu kwa kidole akanionyesha mahali palipokuwa na sifuri. Hakupiga kelele. Nilimaliza mchana mzima nikirekebisha slipu mbili, na tangu siku hiyo kila nikiona mtu amelipwa zaidi huwa naulizia nani amelipwa kidogo. Nakuambia hii ndio uende kwa HR ukijua kuna mtu pale amechoka na anaogopa bosi wake pia. Ukimwekea hesabu safi mezani unamrahisishia kazi, ukienda na hasira atajificha nyuma ya neno sistimu.

Sasa utaomba nini? Kuna njia mbili za haki. Ya kwanza, wakurudishie 6,623 mara moja, deni liishe hapo, na wao warekebishe rekodi za Agosti. Ya pili, wafute yale makato ya Oktoba wakurudishie 18,000 yote, halafu walipunguze deni kule juu kwa mapato, kabla ya makato, kidogo kidogo kwa miezi kadhaa. Wakipunguza 6,000 kwa mwezi kule juu, mkononi utapungukiwa na kama 4,039 tu, manake na kodi na yale mengine nayo yanashuka. Hii ya pili ni laini kwa mfuko na inaacha rekodi zako zimenyooka, shida yake ni kwamba itavuka mwaka, na kodi huhesabiwa Januari mpaka Desemba, kwa hivyo kuna kasalio kadogo ka kodi utakadai ukifanya ritani, ile ripoti ya kodi ya kila mwaka.

Mimi ningekuwa wewe ningeangalia mwenye nyumba kwanza. Kama 6,623 inatosha kumtuliza, chukua njia ya kwanza, ni ya haraka na hutabaki ukidaiwa na mtu. Kama haitoshi omba ya pili. Wakikwambia hawawezi kurudisha pesa mpaka mshahara wa Novemba, omba walipe kama advansi wiki hii, kampuni nyingi zinafanya hivyo wakiona kosa ni lao.

Hiyo fomu usisaini ilivyo. Sikuambii ukatae kwa ukali. Mwambie HR utasaini ikiandikwa namba sahihi, yaani 11,377 iliyofika mkononi. Akisisitiza lazima usaini leo leo, andika kwa mkono wako juu ya sahihi, "Nimepokea fomu hii lakini sikubaliani na kiasi," weka tarehe, halafu uipige picha kwa simu kabla hujaachilia karatasi. Sahihi yako ikiwa chini ya 18,000 bila neno lingine itakusumbua baadaye hata ukiwa na haki.

Halafu andika barua fupi au imeli. Fupi kweli, kitu kama hiki: "Kuhusu mshahara wa Oktoba. Nakubali kwamba Agosti nililipwa zaidi kwa makosa. Pesa ya ziada iliyoingia benki ni 11,377, lakini Oktoba nimekatwa 18,000. Pia makato yote ya Oktoba yamepita theluthi mbili ya mshahara, nimebaki na 5,222. Naomba mnirudishie 6,623, na slipu ya Oktoba irekebishwe. Nimeambatisha slipu za Julai, Agosti na Oktoba." Basi. Usitaje mwenye nyumba, usitaje wakili, usitaje SHA. Ukiongea kwa mdomo kwanza ni sawa, lakini ukitoka pale ofisini tuma meseji ya kusema mliongea nini, ili kuwe na tarehe.

Mashujaa Dei sitakaa sana. Sikukuu ya kitaifa ukifanya kazi hulipwa mara mbili, na saa moja yako hupatikana kwa kugawa mshahara wa msingi kwa 225, kwa hivyo 30,000 inakupa 133 na senti, mara mbili ni kama 267 kwa saa, na siku ya saa nane ni kama 2,133. Ila kabla hujalalamika jua kwamba tarehe 20 ni pale pale ambapo kampuni nyingi hufunga hesabu za mwezi, ovataimu ya siku hiyo na zinazofuata inasukumwa mwezi ujao. Uliza supavaiza wako kama karatasi yake ilipelekwa na lini. Isipoonekana kwa slipu ya Novemba ndio uandike. Na kama hapo kwenu kuna chama cha wafanyakazi, angalia mkataba wao, mara nyingi huwa na viwango vizuri kuliko hivi.

Hiyo ya SHA ndio imenisumbua kuliko zote. Kulipwa zaidi ni bahati mbaya, lakini kumkata mtu kila mwezi halafu pesa isipelekwe ni jambo lingine kabisa, sheria inalihesabu kuwa kosa la jinai, si makosa ya karani. SHIF inafaa iwe imefika kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Hakikisha wewe mwenyewe kwanza, piga *147# au ingia Afya Yangu mtandaoni, uone miezi iliyolipwa. Wakati mwingine pesa imepelekwa lakini namba ya kitambulisho imekosewa tarakimu moja na imekaa mahali bila mwenyewe, na hiyo inanyooshwa haraka. Angalia NSSF pia, manake kampuni ikikosa pesa ya kupeleka huku mara nyingi hata kule haijapeleka. Kisha uliza wenzako wawili watatu wakuangalie zao. Kama ni wewe peke yako ni makosa ya namba. Kama ni godauni nzima tangu Julai, basi kampuni iko na shida ya pesa na inakopa kutoka kwenu bila kuwauliza, na hapo barua isitoke kwa mtu mmoja, itoke kwenu wengi au kwa shop steward, yule mwakilishi wa chama kazini. Mtoto akiwa mgonjwa saa hii, omba HR wathibitishe kwa maandishi siku watakayolipa, na usitupe risiti yoyote ya hospitali ambayo umelipa kutoka mfukoni, hizo ni hasara walizokusababishia na zinaweza kudaiwa.

Kuhusu kufutwa, nitakuambia ukweli wote. Sheria hiyo hiyo ya Ajira inasema mfanyakazi kuleta malalamiko si sababu halali ya kumfuta, isipokuwa kama malalamiko hayana msingi na yameletwa ovyo. Yako yana msingi wa hesabu. Lakini sheria haiwezi kumzuia bosi kukununia au kukupanga shifti mbaya, na siwezi kukuahidi hilo halitatokea. Ndio maana nakuambia uanze kwa upole, kwa maandishi, na kwa namba. Mtu aliyefutwa wiki mbili baada ya barua safi kama hiyo ana kesi nzuri, mtu aliyefutwa baada ya kugombana korido hana kitu cha kuonyesha.

Wape siku saba. Kama hakuna jibu au jibu ni lile la sistimu, nenda kwa ofisi ya leba ya kaunti hapa Nakuru, hulipi kitu, bebea afisa slipu, taarifa ya benki ya kuanzia Julai, mkataba wako kama unao, na ile barua. Mara nyingi simu moja ya afisa wa leba inatosha, kampuni inaitwa na mnakaa meza moja. Ikishindikana kuna mahakama, na hapo watu wengi hufikiri lazima uende ile ya kazi yenye majaji. Iko hapa Nakuru na iko Kisumu, ndio, lakini mtu wa mshahara usiopita 80,000 kesi yake inaweza kusikizwa na hakimu wa kawaida, ni karibu na ni rahisi kidogo. Una miaka mitatu tangu kosa lifanyike, usiache ilale, manake makaratasi hupotea na watu wa HR huhama. Kama wamekufuta, au wamekupa karatasi nyingine ya kusaini yenye maneno kama "sina dai lolote", hapo usiandikie mtu kama mimi, tafuta wakili au afisa wa leba ana kwa ana siku hiyo hiyo kabla kalamu haijagusa karatasi.

Kitu cha mwisho, mwezi wa pili hivi mwakani kampuni itawapa fomu ya P9, inayoonyesha mshahara na kodi yako ya kila mwezi kwa mwaka mzima. Usiitumie kufanya ritani kabla hujaangalia laini ya Agosti. Kama ulichukua njia ya kwanza na bado inasema 52,500 na wewe pesa ulirudisha, kwa macho ya KRA ulipata pesa ambayo hukupata, na unafaa kuirudisha kwa HR irekebishwe kabla ya tarehe 30 Juni. Zile slipu tatu usiziweke kwa kabati la kazini, zikae nyumbani, na picha zake zikae kwa simu ya mtu mwingine unayemwamini.